Kijani cha Dispensari

"Nataka lita moja ya kijani cha dispensari."

Kijana wa duka la rangi alinitazama kana kwamba nimemwomba nusu kilo ya mvua. Hakucheka, na kwa hilo nampa heko. Alitoa kadi ya rangi chini ya kaunta, ile inayokunjuka kama upepeo, akanisogezea nijichagulie. Vijani vilivyokuwamo vilipita thelathini, kila kimoja na jina lake la Kiingereza la kubembeleza, na hakuna hata kimoja kilichonikumbusha harufu ya spiriti.

"Mama, huna sampuli?" akauliza mwishowe. "Hata kipande kama ukucha. Mashine itasoma, nami nikuchanganyie."

Sampuli ninayo. Ina miguu minne na imebeba ndoo ya maji jikoni kwangu Umoja. Jumamosi iliyofuata niliiosha, nikapanda nayo matatu. Makanga alitaka shilingi hamsini za mzigo, tukabishana hadi Jogoo Road, nikamlipa ishirini. Stuli ikaingia mjini imekaa mapajani mwangu kama mtoto.

Ni stuli ya marehemu baba. Ilitengenezwa Gikomba kwa mbao za saiprasi, na kazi yake ilikuwa kumwinua afikie dari, maana alikuwa mfupi na hakupenda ngazi. Alikuwa fundi wa rangi. Tuliishi Majengo, Pumwani, katika nyumba za zamani za ukumbi mmoja katikati na vyumba kushoto na kulia, chumba chetu cha pili ukiingia. Kuta zilikuwa za udongo, mabati juu yamepiga kutu.

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mama alianza kuzungumza na kuta. "Nyinyi kuta nyinyi, Idi mtaipokea na masizi haya?" Baba alikuwa palepale akisikia, na alijua anayeambiwa ni nani. Basi siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, aliingia uvunguni mwa kitanda akatoa makopo ya mabaki.

Hapo ndipo nilipojifunza rangi, nikiwa na miaka saba hivi, na bado sijaona darasa lililolishinda lile. Kopo la mabaki hufunguliwa kwa bisibisi, taratibu, ukilizunguka. Ndani rangi imefanya utando kama maziwa yaliyochemka yakapoa. Utando ule ndio ulikuwa kazi yangu. Unapitisha kijiti pembeni mwa kopo, ukiinua kidogo kidogo, hadi utoke mzima kama kofia. Ukikatika, vipande vitazama, na utaviona ukutani vimevimba kama chunusi hadi Idi nyingine. Baba alikuwa akichuja kwa soksi kuukuu ya nailoni hata nilipoutoa mzima. Hakuniamini kiasi hicho. Kisha anakoroga, na hapa alikuwa mkali. "Rangi iko chini. Juu ni mafuta tu. Ukikoroga juu juu, umepaka mafuta." Mkono wake ulikwenda chini na kupanda, chini na kupanda, dakika kumi nzima, na ile hali ya rangi kupanda kutoka vilindini, kwanza michirizi, halafu ghafla kopo zima limekuwa kitu kimoja, mimi mpaka leo nikiiona popote nasimama.

Mabaki hayakutosha chumba kizima hata siku moja. Kwa hiyo tulipaka kama zinavyopakwa shule na hoteli na vituo vya polisi: chini rangi ya mafuta, kimo cha bega la mtoto, juu chokaa. Chini ndiko kunakoshikwa na mikono na migongo, na rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa. Mpaka kati ya hizo mbili ulipigwa kwa uzi uliopakwa chaki. Mimi nashika ncha huku, kaka yangu kule, baba anauvuta katikati na kuuachia, pap, mstari umenyooka. Kilichobaki baada ya ukuta, kile cha kukwangua kopo, kilipakwa stuli. Mabaki ya mabaki, mama alivyokuwa akisema.

Kwa hiyo stuli ile ni kalenda.

Kijani nilichokuwa nakitafuta kilikuja mwaka 1989, nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa amepata kazi ya wiki mbili katika dispensari moja ya mtaani, akarudi na nusu galoni. Ni kijani kilichotiwa nyeupe nyingi na kitu kingine, si cha majani wala si cha embe bichi. Ukikiangalia asubuhi kinaelekea buluu, jioni taa ya chemli ikiwashwa kinarudi kuwa kijani. Idi ile chumba chetu kilikuwa baridi na safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Miezi michache baadaye nilishikwa na surua. Mama alinifunga mgongoni, mkubwa wote ule, akanipeleka dispensari. Nilikuwa siwezi kufungua macho sawasawa kwa mwanga. Tulipoingia korido nikayafungua, nikaona ukuta wetu. Kijani kilekile, kimo kilekile, mstari uleule. Nilidhani dispensari imeiga kwetu. Sikuogopa nesi, sikuogopa sindano, nilijibanza kwenye ukuta ule wa baridi nikaweka shavu. Mama alisimulia kisa hicho hadi uzeeni: watoto wote wanalia, huyu wangu anabusu ukuta.

Baadaye nilikuja kusoma kwa nini hospitali nyingi duniani zilipakwa kijani. Mwaka 1914 daktari mpasuaji wa San Francisco, Harry Sherman, alichoshwa na vyumba vya upasuaji vyeupe pepe vilivyoumiza macho, akapaka chake kijani, kwa kuwa kijani kinakabiliana na nyekundu ya damu. Jicho lililokazia nyekundu kwa muda mrefu likihamia penye nyeupe huona vivuli vya kijani vikielea. Ukuta ukiwa tayari kijani, vivuli vinapotelea humo. Kwa hiyo rangi yangu ya kubusu ni rangi iliyobuniwa kwa ajili ya damu. Nilipolijua hilo sikuipenda pungufu. Pengine niliipenda zaidi, sijui.

Lakini kwa miaka mingi mtu akiniuliza rangi ninayoipenda, nilisema zambarau. Nilikuwa nasema hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyotaja dini yake. Na sababu naijua: zambarau haikuwahi kuja nyumbani. Hakuna mwenye nyumba Nairobi ya wakati huo aliyepaka zambarau, kwa hiyo hapakuwa na mabaki yake. Baba alisema ni rangi ya hasara, ile ya bei nafuu jua linaipausha mwaka haujaisha. Mimi niliiona mara moja kwa mwaka, Oktoba na Novemba, mijakaranda ikichanua State House Road na pembeni mwa Uhuru Highway, maua yamemwagika chini mpaka lami haionekani. Mijakaranda yenyewe ni migeni, asili yake Amerika Kusini, ila ukimwambia hivyo mtu wa Nairobi atakuona unatafuta ugomvi. Siku moja nilijaza maua mfuko mzima wa sare nikayapeleka nyumbani nimwombe baba anichanganyie rangi hiyo. Tulipoyatoa yalikuwa yameshakuwa kahawia, yamesinyaa kama vitambaa vilivyolowa. Baba aliyatazama, akasema, "Unaona?" Basi. Hakuongeza neno.

Mama alikuwa na zambarau yake tofauti. Yeye ni mtoto wa Mombasa, na kwake zambarau ni tunda kwanza, lile linaloacha ulimi umeiva rangi ukaumbuka kwa mwalimu. Rangi ilikuja baadaye. Ukiangalia vizuri, rangi zetu nyingi ziko hivyo. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ndiyo yaleyale ya kutia kwenye mchuzi, chungwa ni chungwa. Rangi zinazokubali kuvaa viambishi kama sifa nyingine ni tatu tu: shati jeupe, kiti cheusi, mlango mwekundu. Huwezi kusema shati "jejani". Na tatu hizo ndizo za kisutu, kanga ya harusi, nyeusi na nyekundu na nyeupe. Mama alikuwa na doti moja aliyoolewa nayo. Ilikuwa imefuliwa hadi nyeusi imegeuka kijivu na nyekundu imekuwa kama ufizi, na hakukubali iwe tambara. Nilipomweleza habari ya rangi tatu na sarufi aliniambia bibi zake hawakungoja sarufi kujua rangi ipi ni rangi.

Wateja wa baba walikuwa wakisema vivyo hivyo, kwa vitu. Nipakie rangi ya chai ya maziwa. Nataka kama ugoro. Nataka kama ya yule jirani lakini asijue nimeiga. Yeye alikuwa na kamusi yake kichwani, na kijani cha dispensari kilikuwa neno la kamusi hiyo. Mafundi wenzake wote walikielewa. Kadi za kiwanda hazikuwa na habari nalo.

Sasa viatu. Nairobi ina udongo wa namna mbili kubwa. Ukienda juu, Kabete, Kangemi, Kawangware, ni mwekundu. Ukishuka nyanda za mashariki na kusini, Embakasi, Kayole, ni mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, mtu akitembea humo msimu wa masika anaongezeka kimo. Mama alijua baba alishinda wapi kwa kutazama viatu mlangoni. Siku moja baba alisema alikuwa Kayole, viatu vikasema Kangemi. Mama alinyamaza tangu magharibi hadi alfajiri, na kunyamaza kwa mama kulikuwa na kelele. Kumbe mkandarasi aliwahamisha saa sita mchana, kazi ya Kayole imekosa rangi. Baba alilazimika kumleta fundi mwenzake kutoa ushahidi.

Wekundu wa udongo ule ni wa kutu. Chuma kilichomo ardhini kimeshika kutu kwa zama zisizohesabika, na kitu hichohicho, kutu ya chuma iliyosagwa, ndicho kinachotiwa kwenye rangi nyekundu ya kupaka mabati. Mtu anayetazama paa jekundu na barabara ya vumbi jekundu huko Kabete anatazama kitu kimoja mara mbili. Baba hakuwa na habari ya kemia, lakini alikuwa akisema rangi ya mabati haipauki kwa sababu "hiyo imeshakufa".

Rangi ya manjano kwenye stuli ni ya 2004. Waliokuwa Nairobi wanakumbuka: waziri wa uchukuzi John Michuki, tarehe 1 Februari, kila matatu iwe na mikanda, kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, dereva na makanga wavae sare, na mstari wa manjano uzunguke gari zima. Siku za mwanzo watu walitembea kwa miguu hadi kazini. Upande wa mafundi wa rangi, hata hivyo, ilikuwa mavuno. Baba, ambaye hajawahi kupaka gari maishani, alichukuliwa na gereji moja ya Eastlands, yeye na kaka yangu, wakapaka mistari usiku na mchana. Alikuwa akizilaani siku zote zile picha za wanamuziki na wachezaji mpira ubavuni mwa matatu. Lakini aliporudi usiku wa kwanza alikuwa kimya, akasema kuna kijana alikuja kutazama kazi yake ikifunikwa, kazi ya miezi miwili. "Mkono wake ulikuwa mzuri," akasema. Idi ya kuchinja iliangukia siku hizo hizo, nasi tukaila kwenye chumba chenye mkanda wa manjano. Wageni walikuwa wakiingia na kuuliza nauli.

Nikiikumbuka rangi hiyo siku hizi nakumbuka pia vumbi lake. Rangi nyingi za mafuta za zamani, manjano na nyekundu hasa, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na baba alikuwa akizisugua kwa msasa mkavu bila kitambaa puani, nywele na kope zimekuwa rangi ya kazi ya siku hiyo. Tulikuwa tunamcheka. Alikufa kwa mapafu mwaka 2013. Daktari hakutaja rangi, nami sitaitaja badala yake, ila wewe ukiwa unakwangua mlango wa zamani nyumbani kwako, lowesha msasa na uwaondoe watoto.

Kuna kijani kingine kwenye stuli, kikali, cha miaka baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, vibanda vyote vya mji vikageuka kijani kwa mpigo. Hicho sikukipenda. Kuna buluu pia, nitaifikia.

Na juu kabisa ni damu ya mzee. Ndivyo tunavyoiita ile nyekundu iliyoiva sana hadi inaelekea nyeusi. Lilikuwa lango la ploti moja huko Eastleigh, kazi yake ya mwisho, akaimaliza kwa kupumzika kila baada ya mipigo michache ya brashi. Kaka ndiye aliyebeba kopo. Idi ile hatukupaka ukuta, tulipaka stuli tu. Miaka yote nilikuwa nalitamka jina hilo bila kulisikia. Tangu hapo nalisikia.

Kijana wa dukani aliita tabaka hilo maruni, nami nilishukuru. Aliigeuza stuli miguu juu, akachagua mguu uliomomonyoka, akakwangua kwa kisu kidogo kwa mshazari. Zikatokea pete kama za kitunguu: maruni, kijani kikali, manjano, buluu, krimu, kijani changu, waridi hafifu ya praima, mbao. Alimwita mwenzake aje aone. Mwenzake akaita wa stoo.

"Unataka ipi, mama?"

Nilimwonyesha. Alibandua ganda dogo kwa ncha ya kisu, akalibana chini ya kile kifaa chake, kikaangaza mara moja, namba zikaingia kwenye kompyuta. Mashine ikadondosha rangi ndani ya kopo la nyeupe, tone kwa tone, kopo likatikiswa, akafungua, akapaka alama ya kidole kwenye kifuniko.

Haikuwa yenyewe. Ilikuwa na unjano, kama kitu kilichochoka. Nikamwambia. Akasema mashine haikosei, na kweli haikuwa imekosea, ilisoma ilichopewa. Rangi ya mafuta ikikaa gizani inageuka manjano. Baba alikuwa akituonyesha nyuma ya milango, nyeupe imekuwa meno ya mvuta sigara. Kijani changu kilikuwa kimekaa gizani chini ya rangi tano, miaka zaidi ya thelathini.

"Ongeza buluu," nikasema.

"Nikiongeza kwa mkono haitarudishwa, mama."

"Haitarudishwa."

Akaongeza tone, tukakoroga. Tone lingine. Foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kuguna. Mzee mmoja mwenye kucha zilizoshika chokaa, amekuja na kopo lake tupu, alisogea akachungulia.

"Hiyo si ya dispensari?" akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Tia nyeusi. Chembe tu, ya ncha ya msumari. Wanasahau nyeusi."

Kijana alimtazama, akanitazama mimi, akachovya ncha ya msumari.

Nilipaka jikoni Jumapili, kimo cha bega la mtoto, uzi na chaki kama ada, ncha moja nimeifunga kwenye kitasa kwa kukosa wa kunishikia. Rangi za siku hizi ni za maji, hazina harufu, na hilo lilinivunja moyo kidogo. Nikampigia picha kaka yangu, yuko Mombasa, nikamtumia bila maneno.

Jibu lilikuja baada ya swala ya magharibi. "Mashallah. Lakini ukuta wa dispensari ulikuwa buluu. Kijani kilikuwa cha hoteli ya Gikomba. Muulize mama."

Mama hayupo wa kuulizwa, anajua hivyo. Nimempigia picha ya mguu wa stuli uliokwanguliwa, pete zote zinaonekana. Amezikuza, ameizungushia mstari mwekundu ile ya buluu, amenirudishia.